Kengele ya Mafuta

Jumatatu, 3 Juni

Mvua. Baridi. Mama mkwe kaja.

Kaja na masanduku yake na blanketi lake mwenyewe, maana anasema mablanketi ya nyumba hii ni mepesi kama ahadi zangu. Nikacheka. Mkwe akikutania unacheka, hata kama hakutanii.

Nyuma yake akaingia shemeji, kaka yake mke wangu. Ni askari wa zimamoto, na hata akija kunywa chai tu huingia kama anayevunja mlango. Mama mkwe humtazama mwanawe kama mtu anayetazama jua likichomoza. Mimi, mchora mabango niliyeupamba mtaa mzima kwa mkono wangu huu, hunitazama kama anayetazama jua likizama.

Shemeji kaleta zawadi. Nikadhani saa ya ukutani. Kumbe kidude cheupe cha mviringo, ukubwa wa kisahani cha chai. Akakibonyeza. Kikapiga ukelele mpaka chai ikanimwagikia mapajani! Akasema hiyo ni kengele ya kaboni monoksaidi. Nikauliza Saidi yupi. Akasema si mtu, ni hewa ya sumu. Hutoka kwenye mkaa unaowaka, haina rangi, haina harufu, na humlaza mtu usingizi asiamke tena. Nikasema huyo Saidi hajawahi kupiga hodi kwangu. Shemeji akasema hapigi hodi, ndiyo shida yake. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa fahari, utadhani mwanawe ndiye aliyemkamata.

Kidude nimekitia kabatini. Nikikitundika ukutani nitakuwa nimekubali kwamba shemeji ana akili.

Ng'ambo ya ukuta jirani anapiga filimbi. Huyu tunamwita Misuli. Kafungua darasa la mazoezi uani kwake, na watu wazima wa mtaa huu wanaruka kwenye matope kama vyura, kisha wanamshukuru! Bango lake kaliandika mwenyewe. Kaandika "Masoezi". Inaniuma kila nikipita.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na wazo. Kubwa. Nimeshindwa hata kumaliza kupiga mswaki.

Watu hawataki kuruka. Watu wanataka kukonda wamekaa! Nitafungua bafu la mvuke kwenye stoo ya nyuma. Ndani: jiko la mkaa, sufuria kubwa la maji yanayochemka, majani ya mkaratusi ya kuleta harufu, na benchi. Mteja anaingia, anajifunga shuka, anakaa, jasho linamtoka, mafuta yanateremka, kwaheri. Misuli atabaki akiwapigia filimbi kunguru.

Nikamweleza mke wangu. Yeye ni mshonaji, na alikuwa kwenye cherehani na pini mdomoni. Akauliza, kwa pini, hewa itapitia wapi. Nikamwambia mkaa ukishakolea hauna moshi, jambo hilo hata mtoto analijua. Akaanza kutoa pini mdomoni, moja moja. Mke wangu akitoa pini ujue maneno yanayokuja ni marefu. Nikakumbuka nina shughuli nje.

Jumatano, 5 Juni

Kazi tupu. Mvuke ni kama siri: ukipata ufa, umekwisha. Dirisha la stoo nimeliziba kwa matambara. Nyufa za ukuta nimebandika magazeti kwa gundi. Chini ya mlango nimelaza gunia.

Nikaenda kutafuta gundi nyingine. Kurudi, matambara yameng'olewa. Nikaziba. Nikaenda kunywa maji. Kurudi, yameng'olewa! Mke wangu alikuwa amesimama hapo na matambara mkononi kama mtu aliyekamata mwizi wa kuku. Akasema, dirisha hili likifungwa na mimi nitafunga virago. Nikaahidi litakuwa wazi. Na liko wazi. Nimeacha tundu ambalo mjusi mwembamba anaweza kupita, akijitahidi.

Jioni nimemaliza bango. Herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu:

BAFU LA MVUKE LA KISASA. INGIA MNENE, TOKA MTU MWINGINE.

Nimelitundika likimtazama Misuli machoni.

Alhamisi, 6 Juni

Pigo! Wakati wa chai mama mkwe kauliza zawadi ya mwanawe imetundikwa wapi, mbona haioni. Nikasema, mama, nimeiweka mahali pa heshima, kwenye bafu langu jipya. Akasema anataka kuiona. Nikasema rangi haijakauka. Nikatoka mbio, nikaitoa kabatini, nikaigongomelea ukutani juu ya benchi.

Akaja, akaiona, akairekebisha ikae sawa. Akasema angalau kwenye nyumba hii kuna kitu kimoja kinachofanya kazi.

Ijumaa, 7 Juni

UFUNGUZI!

Mteja wa kwanza: mwenye duka la viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Kitambi, na hakasiriki, kwa sababu kila akiinama kutafuta viatu vyake, anachoitiwa ndicho anachokiona. Nikaingia naye, maana mwenye bidhaa lazima aijaribu. Mkaa ulikuwa mwekundu kama macho ya simba. Mvuke ukapanda. Mkaratusi ukanukia. Raha mustarehe.

Tumekaa kidogo tu, kile kidude kikaanza kulia! Kitambi akaruka na shuka lake. Akauliza ni nini hicho. Ulimi wangu ni mwepesi kuliko akili yangu, na hiyo ndiyo baraka yangu. Nikamwambia: hiyo ni kengele ya mafuta. Ikilia ujue yameanza kuyeyuka.

Kitambi akapiga makofi!

Tulipotoka, kichwa kilikuwa kinanigonga kama kuna fundi seremala ndani. Kitambi naye alisema kichwa chake kinauma, na miguu haina nguvu. Akaona mageti mawili, akaenda kwenye lile lisilokuwepo, akakumbatia ukuta. Nikamweleza kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya kukonda ni kichwa kuuma. Akafurahi sana. Akasema basi huenda amekonda kilo nyingi, maana kinamuuma mno.

Jumamosi, 8 Juni

Mafanikio! Kitambi kaeneza habari. Uani kwa Misuli wamebaki wawili, mmoja ni mkewe.

Wanawake wameingia asubuhi, wanaume mchana. Kengele ikilia, ndani wanapiga vigelegele. Mimi niko nje nalishikilia gunia lisivujishe joto, nao huko ndani wanashangilia kama timu imefunga bao. Msusi wa kona ile katapika alipotoka. Nikamwambia mafuta yamekosa subira, yametafuta njia ya mkato. Akasema kweli anajisikia mwepesi. Akalala barazani kwetu mpaka upepo ulipompiga vizuri, kisha akaenda kusuka.

Misuli kachungulia juu ya ukuta. Kauliza mbona wateja wangu wanatoka wakipepesuka kama walevi, na mbona wakikaa nje kidogo wanapata nafuu. Nikamjibu kwamba wivu ni ugonjwa. Akasema hata huo wanaougua wao ni ugonjwa. Hana hoja.

Tatizo ni nyumbani. Chumba cha kushonea kimepakana na stoo, na mke wangu anasema tangu jana kichwa kinamuuma, tena leo kashona mkono wa gauni mahali pa shingo. Kahamisha cherehani barazani, kafungua milango yote ya nyumba mpaka tunatetemeka. Kampigia kaka yake, hakupatikana, yuko zamu. Halafu bila hata kunishauri akachukua ndoo, akamwagia maji mkaa wangu wote. Puuuu! Majivu mpaka kwenye bango. Akasema, mwenzangu, huo mvuke wako utatuzika.

Mtu mkubwa hagombani na mkewe. Ila kesho anapeleka nguo za wateja, na mkaa wa akiba nauficha wapi ni juu yangu.

Jumapili, 9 Juni

Naandika nikiwa hospitali, kwa penseli ya muuguzi, na mpira wa hewa puani. Nitaeleza kwa utaratibu.

Mke wangu alitoka na nguo. Nikawasha jiko. Lengo langu lilikuwa Kitambi, lakini kabla hajafika, mama mkwe akatokea kajifunga shuka, blanketi lake begani, akasema na yeye anataka. Amesikia vigelegele siku nzima ya jana, hawezi kuishi kwenye nyumba yenye raha asiyoionja. Tena anataka peke yake, hapendi kubanana.

Nilipaswa kukataa. Lakini aliniita "mwanangu". Hajawahi! Miaka yote hii nimekuwa "huyu". Nikamfungulia mlango kama malkia.

Nikaketi nje, nikaweka gunia sawasawa. Kengele ikalia. Nikapiga vigelegele peke yangu. Nikamwambia kwa sauti, mama, yanayeyuka hayo! Hakujibu. Nikafikiri anafurahia. Nikakaa. Nakiri niliona ni utulivu mzuri, mama mkwe kunyamaza hivyo, nikaufaidi kidogo.

Geti likafunguka. Mke wangu alikuwa amesahau gauni moja. Akasikia kengele, akauliza mama yuko wapi. Nikamwonyesha mlango kwa kidole, nikitabasamu.

Sijawahi kuuona uso ule. Alitupa nguo zote kwenye matope, nguo za watu, akapiga teke gunia, akafungua mlango. Mama mkwe alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kimelala begani, mdomo wazi. Mke wangu akavuta pumzi nje, akaibana, akaingia, akamshika mama yake kwapani, akamburuta mpaka uani, kwenye mvua. Yote kwa pumzi hiyo moja.

Na mimi? Nilisimama. Nilimwita mama, mama, mama. Haikuwa ile "mama" ya adabu. Mke wangu akampigapiga mashavuni, akampigia kaka yake, safari hii akapokea. Nilisikia sauti ya shemeji kwenye simu kama yuko uani: mlazeni ubavu, hewa safi, fungueni kila kitu, gari linakuja, na mtu yeyote asirudi ndani! Asirudi ndani! Mke wangu akanitazama, akarudia neno kwa neno: usirudi ndani.

Nilimsikia. Lakini kengele ilikuwa bado inapiga kelele, na watu wameanza kujaa getini, na kichwa cha Misuli kiko juu ya ukuta. Aibu gani hiyo! Nikaona niingie mara moja tu niizime, kisha tuzungumze kama watu wenye heshima zao.

Nilifika kwenye benchi. Nikainua mkono. Magoti yakaniambia hapana.

Sikumbuki mengine. Nimehadithiwa. Misuli aliruka ukuta kama paka, akajaza kifua hewa, akanivuta kwa miguu hadi nje. Kwa miguu! Uso wangu ulipita kwenye matope yote ya uani. Na mtaa mzima ukishuhudia. Wanasema walipiga vigelegele.

Jumatatu, 10 Juni

Bado hospitali. Mama mkwe yuko kitanda cha jirani, barakoa ya oksijeni usoni. Anapumua vizuri. Daktari anasema tungechelewa kidogo angekuwa anasema maneno mengine, na angemwambia mke wangu peke yake, maana hata mimi nisingekuwepo kuyasikia.

Asubuhi nilimtazama muda mrefu akiwa amelala. Mdogo vile. Vidole vyake vimeshika pembe ya blanketi lake zito. Machozi yakanitoka, nikamwambia muuguzi ni oksijeni.

Kisha akafungua macho. Akanitazama. Akasogeza barakoa. Nikajiandaa kwa laana. Akauliza, kwa sauti nyembamba: kiuno kimepungua?

Nikasema, sana, mama. Akataka futi ya kupimia. Muuguzi akamrudishia barakoa.

Mchana akaja shemeji na sare zake. Alikuwa amepima stoo kwa mashine, anasema namba aliyoiona hajawahi kuiona kwenye nyumba ya mtu aliye hai. Kamfuata kila mteja wangu nyumbani kwake, kawaleta wote kupimwa damu. Kitambi kaja na barua ya pongezi aliyokuwa ameniandikia. Wote wazima, isipokuwa vichwa.

Shemeji akakaa kitandani kwangu. Nilitaraji atagomba. Hakugomba, na hilo ndilo lililonichoma. Akasema, "Shemeji, mkaa hauingii ndani. Hata uwe mwekundu vipi. Kichwa kikiuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na ukitoka nje unapona: huyo ndiye yeye. Unatoka, unawatoa wenzako, unapiga simu, na usirudi ndani."

Nikamuuliza, na kama kuna kitu cha muhimu ndani?

Akasema, "Kitu gani?"

Nikasema heshima.

Akafunika uso kwa kofia. Mabega yakamtikisika. Nilidhani analia. Mama mkwe naye barakoa yake ikajaa ukungu, na mke wangu aliyekuwa mlangoni na chupa ya chai akalazimika kukaa chini. Tukacheka wote wanne mpaka muuguzi akatishia kumtoa shemeji. Sijawahi kucheka na watu hawa hivyo. Nadhani nilikuwa mimi kichekesho, lakini nilikaribishwa.

Jumanne, 11 Juni

Tumeruhusiwa. Stoo haina mlango tena, mke wangu kaung'oa na bawaba zake. Haina dirisha pia. Ni banda la upepo, kuku wa jirani wanapita humo kama njia. Jiko limewekwa uani chini ya kibati. Kengele imetundikwa ukumbini, na nyingine chumbani. Shemeji kaleta mbili.

Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba mkaa hautaingia tena ndani ya nyumba hii. Ameniamini. Na mimi nimejiamini.

Alhamisi, 13 Juni

Haivumiliki! Misuli ni shujaa wa mtaa. Wateja wangu wote wamerudi kwake wanaruka kwenye matope. Mama mkwe anamwita "mwanangu". Jana kampelekea chai kwa mkono wake, yeye anayesema magoti yanamuuma. Leo kajiunga na darasa. Anaruka!

Na mimi, niliyemjua Saidi kwa karibu kuliko wote, niliyelala chumba kimoja naye, naulizwa tu kama matope yalikuwa matamu.

Nikakaa. Nikawaza. Likaja.

Semina! Nani wa kuwafundisha watu hatari hii kama si mimi? Misuli alimwona Saidi kwa muda wa pumzi moja, mimi nina uzoefu. Bango limeshakauka: MJUE SAIDI KABLA HAJAKUJUA. MTOA MADA: ALIYENUSURIKA. Jumamosi, kwenye ghala la Kitambi nyuma ya duka la viatu. Yeye kakubali kwa furaha, kichwa chake kimepona. Kutakuwa na vipaza sauti, taa za rangi, na jukwaa lenye pazia. Mtaa mzima utakuja. Shemeji ndiye mgeni rasmi. Mama mkwe nimemwekea kiti cha mbele.

Umeme umekatika kwa sababu ya mvua hizi, lakini nimekodi jenereta. Kubwa! Hiyo nayo haiwezi kunyeshewa, itaharibika, ni mali ya watu. Nitaiweka ndani, nyuma ya pazia.

Mke wangu kauliza, taratibu sana, kama injini nayo haitoi hewa ile ile. Nikamfafanulia kwa upole, maana si kila mtu amelazwa hospitali. Saidi hutoka kwenye mkaa, na haonekani. Jenereta inatumia petroli, na moshi wake unaonekana vizuri kabisa, mweusi, mtu mzima anauona. Tena nimeapa kuhusu mkaa, na mkaa hautakuwepo hata kipande.

Kachukua simu, kamwita mama yake kutoka kwa Misuli, wameingia chumbani na kufunga mlango. Nadhani wanachagua nguo za kuvaa.

Kitu kimoja tu kinanipa wasiwasi: mvua ile juu ya bati itanizidi sauti. Lakini hilo nalo nimelipatia dawa. Nimemwagiza Kitambi madirisha yote ayafunge, na nyufa azibe kwa magazeti. Somo kama hili, nataka kila mtu alisikie mpaka mwisho.